Gololi Zilizolika: Matengenezo ya Ekseli ya Pedeli

Iko sauti ambayo mpanda baiskeli huisikia kwa wayo wa mguu kabla hajaisikia kwa sikio: mgongano mdogo, mara moja katika kila mzunguko wa pedeli, kama punje ya mchanga isagwayo chini ya jiwe. Siku za mwanzo huja mlimani tu, au wakati wa mzigo. Kisha huja hata penye tambarare. Mwisho mikono ya pedeli huanza kuyumba huku na huku, mnyororo ukawa waruka, na mwenye baiskeli akaambiwa na kila ampitaye kwamba chombo chake kimekufa. Nakuandikia wewe uliyefika hapo, au unayekaribia, ambaye baiskeli yako si ya fahari bali ni ile nyeusi ya chuma kizito, Phoenix ya Shanghai au Hero na Avon za Ludhiana, iliyonunuliwa kwa fedha ya kuhesabiwa na itumikayo kila siku kumpeleka mtoto shuleni, samaki sokoni, au mwenyewe kazini. Haikufa. Imelika gololi, na gololi ni kitu kinunuliwacho kwa fedha ndogo na kutiwa pahali pake kwa mkono.

Mimi nilijifunza jambo hili kwa hasara. Nilipokuwa nikikaa Tanga, mji ambao watu wake wanajulikana kwa baiskeli, niliisikia sauti hiyo kaskazi inapoanza nikaiacha mpaka masika yakaingia, kwa kuwa niliogopa kufungua mahali nisipopajua, na kwa kuwa baiskeli ilikuwa bado inakwenda. Ilipofunguliwa hatimaye, chini ya mwembe, na fundi mtu mzima aliyetandika gunia lake kwa unadhifu kama atandikaye mkeka wa kusalia, kilichomwagika katika kifuniko cha kopo hakikuwa grisi bali tope la rangi ya kahawa, na ndani yake gololi 16 badala ya 22, nyingine zimepasuka nusu kama choroko zilizopaazwa. Akazisogeza kwa ncha ya bisibisi, akazihesabu mara mbili, akaniambia, "Mwanangu, hizi sita zilizopungua hazikudondoka njiani. Zimesagika humu humu, na unga wake ndio ulioila ekseli." Akaniwekea kidole changu juu ya ekseli nikahisi mfereji mahali palipopasa kuwa laini kama kioo. Lau ningalikwenda kwake miezi mitatu nyuma, ningalilipia gololi na grisi basi. Siku ile nililipia ekseli, mabakuli mawili na kotapini zake, na bado nikamshukuru.

Yafaa kwanza ujue kilichomo ndani, maana mtu hafungui vizuri kitu ambacho hajakiona moyoni mwake. Chini kabisa ya fremu, pale bomba la kiti linapokutana na bomba litelemkalo kutoka kwenye usukani, pana bomba fupi nene lililolala ubavu, ambalo upana wake aghalabu ni mm 68 au zaidi kidogo. Ndani yake hupita ekseli, yaani ufito wa chuma ulionenepa mahali pawili, na kila unene una mteremko uliosuguliwa ukang'aa ambao gololi hutembea juu yake. Kila upande wa bomba umefungwa kwa bakuli la chuma lililotiwa hesi kwa nje, yaani mizingo kama ya parafujo, na mbonyeo wa ndani wa bakuli hilo ndio ukuta wa pili wa njia ya gololi. Katika baiskeli za mtindo wa Kiingereza, ambao viwanda vya India na China viliufuata kwa baiskeli hizi nyeusi, gololi za hapa ni za robo inchi, yaani mm 6.35, na kwa kawaida huwa 11 kila upande. Bakuli la kulia, upande wa mnyororo, hukazwa kiwandani likakaa. Bakuli la kushoto ndilo la kurekebishia, nalo huzuiwa lisilegee kwa pete yenye mapengo ukingoni. Nje ya yote hayo, mikono miwili ya pedeli, ambayo mafundi wengi huiita krenki, hushikwa kwenye ncha za ekseli kwa kotapini: vipande vya chuma vya mviringo vilivyochongwa ubavu mmoja ukawa bapa, vyenye hesi na nati mwishoni.

Zingatia kazi ya vitu hivi vidogo. Mtu wa kilo 70 asimamapo juu ya pedeli kupanda mlima, uzito wake wote, pamoja na mvuto wa mnyororo, huangukia gololi chache tu zilizo upande wa chini saa ile, na kila moja huigusa njia yake kwa nukta isiyozidi kichwa cha sindano. Chuma cha bakuli na cha ekseli kimefanywa kigumu kwa moto ili kistahimili, lakini ugumu huo ni wa juujuu kama ganda la embe. Chini yake chuma ni laini, na katika vipuri vya bei ya chini ganda lenyewe ni jembamba. Maadamu ganda ni zima na grisi ni safi, baiskeli ya bei nafuu huenda miaka mingi pasipo malalamiko. Likitoboka mahali pamoja, shimo huzaa shimo, na unga wa chuma hugeuka kuwa msasa.

Kinachotoboa ganda hilo si wingi wa safari bali ni maji na mchanga, na kwetu pwani chumvi ni ya tatu yao. Watu wengi hudhani maji huingia kwa ubavuni, karibu na mikono ya pedeli. Huingia kweli, walakini mengi hutelemka kutoka juu, kando ya bomba la kiti, yakatuama ndani ya lile bomba fupi kama kisimani, khasa kwa baiskeli ilalayo nje wakati wa mvua au ioshwayo kwa kumwagiwa ndoo. Nimewaona wachukuzi wa samaki wakiisuuza baiskeli baharini ili kuondoa magamba, na jioni wakashangaa kuwa pedeli zimekuwa nzito. Kitambaa chenye maji ya kisima kingalitosha.

Kabla hujashika nyundo, pata yakini kwamba ugonjwa uko hapa. Utoe mnyororo kwenye gurudumu la meno la mbele, uache uning'inie kando. Kisha simamisha mikono ya pedeli, mmoja juu na mmoja chini, uushike kila mmoja kwa mkono wako, ukausukume na kuuvuta kwa ubavu. Ikiwa yote miwili yacheza pamoja, kama kitu kimoja kinachoyumba ndani ya fremu, gololi zimelika au bakuli limelegea. Ikiwa mmoja wacheza peke yake ilhali wa pili umetulia, basi ekseli haina kosa. Kotapini ya upande ule ndiyo iliyolegea, nayo yataka kushughulikiwa leo, si kesho, kwa sababu mkono ulegeao hujitafunia tundu lake mwenyewe. Kisha zungusha mikono polepole, kiganja cha pili kikiwa kimeegemea bomba la kiti: chuma hupeleka habari, nawe utahisi ukwaruzaji ambao sikio halikuupata. Usisahau pia kuipima pedeli yenyewe, ambayo ina gololi zake, na kiti, ambacho springi zake hulia kwa kipimo kile kile cha mzunguko wa miguu. Simama juu ya pedeli unapokwenda: sauti ikikoma, umeepukana na kazi kubwa.

Vyombo vitakiwavyo si vingi. Nyundo nzito kiasi, ya nusu kilo au zaidi, spana ya kuenea nati za kotapini, tindo iliyolika makali, au bolti nene la kugongea, kipande cha bomba la chuma la maji, tupa, mafuta ya taa katika kopo, matambara, grisi ya magari, gololi mpya 22 na mbili tatu za akiba, na kotapini mbili mpya, maana kuitumia ya zamani baada ya kuigonga ni israfu ya kazi yako. Tandika shuka kuukuu chini. Gololi iangukayo mchangani haipatikani, na ikipatikana haifai.

Sasa twafika mahali ambapo baiskeli nyingi huharibiwa na mikono inayotaka kuzitibu. Kotapini haikushikwa na nati. Nati yazuia tu isirudi nyuma. Imeshikwa kwa kule kubanwa kwake kati ya mkono wa pedeli na ubapa wa ekseli, na miaka ya kutu imezidi kuibana. Usiku wa kuamkia kazi, idondoshee mafuta membamba pande zote mbili, ukayaache yapenye. Asubuhi ilegeze nati mpaka uso wake ulingane na mwisho wa kotapini, usiitoe yote, ili hesi zilindwe na pigo. Ugeuze mkono wa pedeli hata nati itazame juu wima. Kisha simamisha kile kipande cha bomba chini yake, juu ya saruji au jiwe tambarare, kichwa cha kotapini kikiwa kimeelekea ndani ya tundu la bomba, na mkono wa pedeli umekalia ukingo wake kwa uthabiti. Hapo piga. Pigo liwe moja, zito, la kunyooka. Likishindwa, ongeza mafuta na upige jingine kama lile. Mapigo hafifu mengi hayang'oi kitu ila huikunja ncha na kuivimbisha, na kotapini iliyokunjika yataka msumeno na kekee.

Ule msaada wa chini si wa hiari. Mara ya pili ya kufungua baiskeli yangu, nikijiona nimeshajua, niliupuuza nikaipiga kotapini ya kushoto mkono wa pedeli ukiwa hewani. Ikatoka baada ya mapigo mengi. Nilipoliosha bakuli jipya, ambalo halikuwa limetumika mwaka, nikaliinua juani, nikaona katika njia yake nukta zilizopangana upande mmoja, zimeachana kwa kipimo kile kile cha gololi na gololi. Kila pigo la nyundo lilikuwa limepita katika ekseli, likaingia katika gololi, na gololi zikalipiga muhuri bakuli. Niliharibu kwa nusu saa kile ambacho barabara ingalikila kwa miaka.

Kotapini zote mbili zikiisha kutoka, vuta mikono ya pedeli. Hutoka kwa kutikiswa. Ilaze baiskeli ubavu wa kulia juu ya shuka, upande wa mnyororo uwe chini. Ile pete ya kushoto yenye mapengo igonge taratibu kwa tindo, kinyume cha mwendo wa akrabu za saa, mpaka igeuke kwa vidole. Bakuli nalo hufuata njia hiyo hiyo, likisukumwa kwa ncha za chuma katika vitundu vyake. Liinue kwa uangalifu, kwani gololi nyingine zitakuja nalo na nyingine zitabaki zimeshikamana na ekseli. Vuta ekseli juu, ukiangalia ni upande gani uliokuwa mrefu, kwa sababu mara nyingi ncha zake hazilingani: ile ndefu ni ya upande wa mnyororo, na ukiigeuza siku ya kurudisha, gurudumu la meno litasugua fremu. Zihesabu gololi zote.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa mpaka kitambaa kitoke kikavu na cheupe. Usiyafanye haya gizani. Peleka ekseli na bakuli kwenye jua, tazama njia ya gololi. Mstari mmoja ung'aao, ulio sawa mviringo mzima, ni dalili ya siha. Vidoa vyeusi vidogo kama vilivyochomwa na pini, au mkwaruzo wenye magamba, ni dalili ya ganda lililotoboka. Ukitia shaka, chukua kalamu ya wino yenye kigololi nchani, ipitishe polepole juu ya njia: kalamu itakwama mahali jicho lilipodanganyika. Ekseli yenye mashimo usiirudishe kwa ajili ya huruma ya fedha, kwani itazila gololi mpya kwa muda wa wiki chache, nawe utalipa mara mbili. Ipeleke ile ya zamani dukani, uilinganishe na mpya kwa urefu wa jumla na kwa nafasi ya kati ya minene miwili. Maneno ya muuzaji kwamba zote ni sawa usiyategemee.

Bakuli la kulia likaguliwe lilivyo, ndani ya fremu, kwa kurunzi na kwa kidole. Likiwa zima, liache pahali pake, halikukukosea. Lakini likiwa limelika, kumbuka jambo ambalo limewatoa jasho watu wenye nguvu kuliko wewe: hesi zake zimepinda kinyume. Hufunguliwa kwa kugeuzwa kufuata akrabu za saa, ukiwa umelikabili kutoka upande wa kulia. Sababu yake si ukaidi wa waliolibuni. Gololi zinapozunguka chini ya uzito hulisukuma bakuli kidogo kidogo kinyume cha mwendo wa ekseli, na bakuli la kulia lenye hesi za kawaida lingalijifungua lenyewe barabarani. Basi huyu unayepigana naye amefungwa hivyo kwa ajili ya usalama wako.

Kwa asiye na spana yake maalumu, iko tadbiri ya mafundi ambayo sijaona ikishindwa mara nyingi. Pata bolti nene liwezalo kupita katika tundu la bakuli, nati yake, na washa kubwa za kutosha. Lipitishe bolti, kichwa kiwe nje na nati iwe ndani ya bomba, washa pande zote mbili. Ishike nati isizunguke, ukaze kichwa kwa spana kufuata akrabu za saa mpaka bakuli libanwe barabara kati ya washa na washa. Ukiendelea kukaza baada ya hapo, bolti haliwezi tena kwenda peke yake. Litalichukua bakuli pamoja nalo, na mwendo huo ndio ule ule ulifunguao.

Amma gololi, zinunue zote pamoja, kutoka kisanduku kimoja. Usichanganye mpya na kuukuu hata kama kuukuu zinang'aa. Ile ya zamani imepungua kwa kiasi kisichoonekana, walakini kiasi hicho chatosha kuiondoa kazini: mpya, zilizo kubwa kwa unywele, zitabeba mzigo wote, zikapasuka. Duka moja liliwahi kuniuzia gololi za kuzoa kwa mkono kutoka sinia, nami sikuzipima. Zikafa kabla ya mfungo. Tangu hapo hufanya hivi: huzipanga juu ya kipande cha kioo, nikalaza rula iliyonyooka juu yake, tatu tatu. Rula ikicheza kama mizani, ipo kubwa kati yao, nayo hutolewa. Wako pia wauzao gololi zilizokwisha kushikwa katika pete ya bati, ambazo ni rahisi kutia. Mimi sizipendi kwa baiskeli ya mzigo, kwa kuwa pete huchukua nafasi ya gololi mbili au zaidi, na siku ivunjikapo vipande vyake huingia katika njia vikamaliza kila kitu. Hata hivyo usiziogope gololi: matumizi yake ni ya zamani kuliko baiskeli yenyewe tuijuayo: Jules Suriray wa Paris alipewa hataza ya gololi za baiskeli mwaka 1869, na mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, James Moore alishinda mashindano ya kutoka Paris mpaka Rouen juu ya chombo kilichokuwa nazo. Kitu kilichodumu kwa muda huo pasipo kubadilika sana hakina siri ya kukushinda.

Kabla ya kurudisha, fanya jambo dogo ambalo viwanda vingi havikulifanya. Kata kipande cha chupa ya plastiki ya maji, upana wake uwe mfupi kuliko nafasi iliyobaki kati ya mabakuli mawili, ukizungushe kama karatasi ya barua na kukitia ndani ya bomba. Kitajikunjua chenyewe na kukumbatia ukuta, ekseli ipite katikati bila kukigusa. Kutu na maji yatokayo katika bomba la kiti yatadondokea juu ya plastiki wala hayatafika kwenye gololi.

Jaza grisi katika mabakuli, kwa ukarimu, ila bomba lenyewe lisijazwe, maana grisi ya katikati haifanyi kazi. Zipachike gololi moja moja kwa ncha ya kijiti, zizame nusu. Zote 11 zikiisha kukaa, pabaki pengo dogo, pungufu ya nafasi ya gololi moja. Zikiwa zinapandana, toa moja. Gololi zinazosukumana husagana zenyewe. Upande wa kulia ndio huanza: gololi zikiwa zimeshikwa na grisi ndani ya bakuli lililo chini, telemsha ekseli wima, ncha ndefu mbele, mpaka ikae. Igeuze kwa vidole. Ikizunguka kimya, tia bakuli la kushoto lenye gololi zake, ulianze kwa mkono mpaka hesi zishike zenyewe. Bakuli likianza kwa upogo, huharibu hesi za fremu, na fremu haiuzwi dukani kama gololi.

Kipimo cha kukaza ndicho roho ya kazi hii, nacho hakifanywi kwa haraka. Lisukume bakuli kwa vidole mpaka likatae, kisha ulirudishe nyuma kidogo sana, chini ya robo ya mzunguko. Lishike hapo kwa ncha ya chuma lisisogee, ukaze pete juu yake kwa nyundo na tindo. Utaona kwamba pete katika kukazwa hulibadilisha bakuli kidogo, mara likabana, mara likalegea. Usikasirike, legeza urudie. Mimi hurudia mara tatu kwa kawaida, na iko siku nilirudia mara saba. Ekseli izunguke bila kukwaruza na bila kucheza. Kucheza kusikohisiwa na vidole kwenye ekseli tupu huonekana wazi ukiuvisha mkono mmoja wa pedeli na kuutikisa kwenye ncha yake ya mbali, kwa sababu urefu wa mkono hukuza kila kosa. Kati ya kubana na kulegea, ikikulazimu kuchagua, legeza kwa kiasi cha unywele. Iliyobana hujichoma ndani kwa ndani bila ya kukupa habari.

Rudisha mikono ya pedeli, mmoja ukitazama mbele na wa pili nyuma. Kotapini zao ziingie kwa pande zilizo kinyume: ikiwa nati ya kulia yatazama chini, ya kushoto itazame juu. Zikiingia upande mmoja, mikono haitanyooka, na utapanda baiskeli kama achechemeaye. Kotapini mpya ikitiwa kwa mkono, hesi zitokeze upande wa pili kiasi cha kuishika nati na washa yake, na bado ibaki nafasi ya kuingia zaidi kwa nyundo. Isipotokeza, punguza ule ubapa kwa tupa, mkwaruzo mmoja mmoja, ukiangalia mteremko wake usibadilike na uso usiwe mviringo. Jaribu, toa, tazama mahali panapong'aa, piga tupa hapo hapo. Kipenyo chake huwa mm 9 au 9.5, na tofauti hiyo ndogo yatosha kukukasirisha, hivyo dukani nenda na ya zamani mfukoni. Ikikaa, weka tena lile bomba chini ya mkono wa pedeli, uipige kotapini kichwani mapigo mawili matatu mazito, ndipo nati ifuate kwa nguvu ya kiasi. Usiivute kotapini kwa nati. Hesi zake ni laini, zitang'oka.

Ikiwa yako ni ile ya magia iliyo rahisi, ambayo ncha za ekseli ni za mraba na mikono hushikwa kwa bolti, habari ya ndani ni hiyo hiyo kwa zile zenye mabakuli na gololi, ila mikono yake haipigwi nyundo. Yataka kivutio cha parafujo kiingiacho katika hesi za mkono wenyewe, nacho uazime kwa fundi au umpe ijara yake akutolee. Ni kazi ya dakika mbili. Usiiendeshe hata siku moja mkono ukiwa umelegea, kwa sababu tundu la mraba, likiisha kutanuka, halirudi.

Baada ya kilomita tano au sita za kwanza, simama kivulini, weka bomba lako chini ya kila mkono, uzipige kotapini tena na kukaza nati, kwani zitakuwa zimejikalia na kuacha nafasi. Na baada ya wiki ufanye hivyo mara ya pili. Ikiwa bomba la ekseli lina kitundu cha mafuta chenye kifuniko, kama zilivyo nyingi za nyeusi, kidondoshee matone machache ya mafuta mazito ya injini kila mwezi, wala usikitie mafuta ya taa, maana yataiosha grisi uliyoitia kwa taabu. Kifuniko kikipotea, zungushia pahali pake ukanda wa mpira wa tyubu. Kisha masika yakiisha, kabla vumbi la kipupwe halijaanza kupanda, tandika shuka tena chini ya mti, hata kama huisikii sauti yoyote.